Mbuzi Aliyerudi kwa Mama Tekla

Jumatatu, 1 Machi 1993

Ukungu mpaka saa nne. Kuni mbichi, moshi nyumba nzima. Mume wangu Yustini anakohoa, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeileta mvua. Nimekoroga uji, nimekwenda kigangoni.

Darasa la ubatizo la watu wazima. Somo la leo: sadaka za Waebrania wa kale. Nimeeleza damu, madhabahu, kuhani, pazia. Nimeeleza vizuri, najijua. Wamenikodolea macho tu. Adolfu, yule anayepakia kabichi kwenye malori ya Dar, akauliza kama Mungu alikuwa na njaa. Darasa likaangua kicheko. Nikawaka. Nikamtoa nje. Akatoka, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa.

Hawaoni. Hilo ndilo tatizo. Mjini nilikuwa na picha za kutundika ukutani, hapa Mgeta nina ubao uliopasuka. Pasaka wanabatizwa. Kama hawajamwelewa mbuzi wa kale, Mwanakondoo watamwelewa vipi? Nimerudi nyumbani na hasira njia nzima.

Jumatano, 3 Machi

Nimepata. Siku ya Upatanisho. Mbuzi walikuwa wawili. Mmoja alichinjwa. Wa pili kuhani alimwekea mikono kichwani, akaungama juu yake dhambi za watu wote, kisha akapelekwa nyikani asionekane tena. Huyo wa pili tunamweza. Hakuna damu. Wataiona dhambi ikiondoka kwa miguu minne. Kisha nitawaambia: huyu alikuwa kivuli, mwenyewe ni Yesu.

Banzi, mwenyekiti wa kigango, amekubali kutoa mbuzi. Maandiko yanataka dume. Banzi hatoi dume. Ametoa jike jeupe, la ile mbegu ya kizungu ya maziwa, amekauka siku nyingi na mimba hashiki. Nikaona wazi kwamba anajiondolea mzigo. Sikujali, ilimradi mbuzi.

Padre anakuja mara moja kwa mwezi. Sikumpelekea habari. Angetaka kujadili.

Jumamosi, 6 Machi

Imefanyika.

Niliwaita darasa langu tu. Walikuja nusu ya kijiji. Wamama na vikapu vyao vya karoti, wazee, hata muuza mitumba aliyekuwa anapita zake, akatua furushi na kupanga foleni. Nilimfunga mbuzi uzi mwekundu shingoni, nikawaambia kila mmoja aweke mkono kati ya pembe na aseme ya kwake kimoyomoyo.

Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Wengine waliuacha mkono pale muda mrefu, midomo ikicheza. Mke wa Banzi alilia machozi. Ukungu ulishuka katikati ya shughuli, foleni ikawa inatokea kwenye weupe na kuingia kwenye weupe. Na mbuzi kimya. Mbuzi wa banda akishikwa na mgeni hulia mpaka ng'ambo ya bonde. Huyu alisimama tu, akimtazama kila mtu usoni kwa zamu.

Mimi sikuweka mkono. Mwalimu anaongoza. Adolfu aliniuliza, "Na wewe, Mwalimu?" Nikamwambia aangalie kamba.

Yeye ndiye aliyempeleka. Juu, kupita shamba la mwisho, mpaka kwenye msitu wa ukoo ambako watu hawakati hata fito. Alirudi mchana, akaoga kijitoni na kufua nguo zake kama yule mtu wa kwenye Maandiko aliyempeleka mbuzi nyikani. Akasema mbuzi hakukimbia. Alipomfungua kamba alibaki amesimama kwenye mti wa kwanza, anamtazama anavyoshuka.

Mama mkubwa Tekla hakuja. Huyu ni dada wa marehemu mama mkwe wangu. Kiwanda alichofanyia kazi Yustini kilipofungwa kule Morogoro tukapanda huku na magodoro na masufuria, ndiye aliyetupa chumba, kisha kipande cha shamba la ukoo. Mzee, peke yake, watoto wake wote wametangulia. Amebatizwa tangu zamani. Darasa langu analiita shule ya vidudu.

Jumapili, 7 Machi

Watu wepesi leo. Banzi amemsalimia mdogo wake, Selestini. Walikuwa hawasemeshani kwa ajili ya maji ya mfereji. Muuza mitumba amemrudishia mtu koti lake. Nyimbo zimepaa.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimetembea kijijini polepole ili nisalimiwe.

Jumatano, 10 Machi

Karudi.

Alfajiri Mama Tekla alifungua mlango akamkuta uani, uzi mwekundu shingoni, manyoya yamelowa umande. Hana jeraha. Huko juu kuna chui, na ukungu wa kumpoteza hata mwenyeji, na yeye hana hata mkwaruzo.

Hakwenda kwa Banzi. Nimeuliza sababu, nimeambiwa kwa urahisi wa kukera: Mama Tekla ndiye aliyemlea. Alimlisha kwa mkono tangu kitoto, kisha Banzi akamchukua. Na mbuzi wa namna hii hapa hajui pori. Anazaliwa kwenye banda la kuinuliwa juu ya miti, analetewa majani, analetewa maji, anakufia humohumo. Ukimfungulia atakwenda wapi kama si kwa aliyemlisha? Kila mtu anajua. Karibu kila aliyeweka mkono ni mfugaji. Na hakuna aliyenifumbulia mdomo, wala mimi sikuuliza. Nililelewa mjini. Nilitaka mbuzi tu.

Hilo linaelezeka. La kiwele halielezeki. Mbuzi aliyekauka karudi kiwele kimejaa, kinadondosha maziwa chini. Mama Tekla amechukua kikombe akakamua, watu wakiwa wamesimama juu ya kingo za shamba hawataki kusogea. Akasema mgeni amekuja na chakula chake. Akanywa.

Nimesikia watu wakivuta pumzi.

Ijumaa, 12 Machi

Nimeliona kwa macho yangu, naandika kama lilivyo.

Mama Tekla anampeleka mbuzi kijitoni asubuhi. Njia ni nyembamba, watu wanapishana. Mbuzi anasimama mbele ya kila aliyemwekea mkono. Anasimama hasa, kichwa kimeinuliwa, hata kamba ikivutwa hatikisiki, mpaka mtu apite. Mke wa Banzi amerudi mbio na ndoo tupu. Adolfu ameingia katikati ya njegere za watu ili asikutane naye.

Nimejiambia ni chumvi. Wameshika chumvi, mbuzi wanapenda chumvi. Nimekwenda mwenyewe kusimama njiani. Amenipita. Hakunigeuzia hata sikio.

Ningependa asimame. Sijui kwa nini naandika hivyo.

Jumatano, 17 Machi

Mvua usiku kucha. Ngema ya mlima imeporomoka chini ya kona kubwa, barabara haipo. Malori mawili yamegeuza yalikotoka. Kabichi zimerundikwa kando ya njia, majani ya nje yanageuka ute. Hapa mtu anategemea Dar kuliko anavyotegemea mvua, tangu wachuuzi waruhusiwe kuja huku kununua wenyewe. Lori lisipofika, kijiji kizima hakina chumvi.

Adolfu anaumwa. Homa, anatetemeka. Mama yake ananiangalia vibaya.

Wanasema dhambi zimerudi. Zilitoka, mlima ulizitapika, zimerudi na mwenye kuzipokea yupo. Anazikamua na kuzinywa kila asubuhi, na sasa anajua ya kila mtu. Hilo la kujua ndilo linalowanyima usingizi. Zaidi ya barabara. Wanamwogopa bibi kizee kwa yale waliyoyasema wenyewe.

Jumapili, 21 Machi

Baada ya ibada Banzi amesema watu wabaki. Amesema kwa upole, na huo upole ndio unaonitisha. Ametumia maneno yangu, mpangilio wangu hasa, hadi mkono anauinua ninavyouinua mimi. Kilichobeba dhambi hakikai kambini. Mwalimu ametufundisha. Mbuzi ameshikamana na mtu, basi waende wote wawili. Kabla ya Pasaka.

Nimesimama. Nimesema Agano Jipya linakataa, damu ya mbuzi haikuwahi kuondoa dhambi ya mtu. Nimesema maneno mengi. Mzee mmoja akasema taratibu, "Mwalimu, si ulituonyesha mwenyewe? Tukashika kwa mikono."

Padre hawezi kupanda, barabara hakuna. Niko peke yangu na somo langu.

Selestini alikuwa nyuma. Shamba la Mama Tekla liko kando ya kijito, halikauki hata kiangazi. Wiki iliyopita nilimwona akilipima kwa miguu, hatua ndefu, mikono nyuma. Nilidhani ananyoosha viungo.

Jumatatu, 22 Machi

Nimekwenda kwa Mama Tekla. Shikamoo, marahaba, kigoda. Nyumba inanuka moshi na maziwa. Mbuzi amelala ndani, karibu na mafiga, uzi bado anao. Nilisema nimekuja kumwonya. Akasema ameshasikia, masikio bado anayo.

Akaniuliza, "Wewe hukumwekea mkono, mkwe?"

Nikasema hapana.

"Mie pia. Nilisikia mwamfukuza mwanangu, nikabaki ndani." Kisha akasema hana pa kwenda. Ukoo wake uko hapa, makaburi yake yako hapa. Atatoka kwenye nyumba hii amelala. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa anachambua maharage.

Alinimiminia maziwa kikombe kizima, ya moto bado. Nikasema nimefunga, ni Kwaresima. Uongo. Nilikuwa nimekula viazi asubuhi. Niliogopa, basi. Aliyanywa yeye, akanitazama juu ya kikombe, na mbuzi hakunitazama hata kidogo.

Huyu ndiye aliyetufungulia mlango. Najichukia.

Alhamisi, 1 Aprili

Siku nyingi sikuandika. Hakuna jipya ila mambo yale yale yakizidi.

Hakuna anayechota maji chini ya kwa Mama Tekla. Wanazunguka bonde zima. Watoto wamekatazwa kumwamkia. Fikiria, mtoto wa hapa anampita mzee kimya. Nimemkamata mmoja sikio, akaniambia mama yake amesema shikamoo yake itabaki kule kwa Mama Tekla.

Yustini, ambaye tangu kiwanda kifungwe husema maneno ya kuhesabika, jana alinoa panga, akaenda kukaa mlangoni kwa mama yake mkubwa. Amerudi giza linaingia. Nikamuuliza atafanya nini na panga. Akasema hajui. Akasema, "Ni wewe, Dafroza." Bila hasira. Kisha akala.

Nimesoma upya somo langu lote, lile la siku ya kwanza. Waebrania walifanya vile kila mwaka. Kila mwaka! Nimelifundisha hilo mjini na hapa, nikilitamka kama habari ya kalenda. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kila mwaka. Kwa sababu mbuzi hurudi. Kama si kwa miguu yake, basi kwa njia nyingine. Hakutosha, hakuwahi kutosha, na ndiyo maana Yesu akaja. Hilo ndilo lilikuwa somo, na mbuzi amenifundisha bila ubao.

Sasa wanataka kumtuma bibi kizee, naye hatatosha. Baada yake watatafuta mwingine.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Niandike leo hii hii.

Njia ya Msalaba saa tisa. Padre hayupo, nimeongoza mimi. Ukungu mzito, msalaba mbele hauonekani, tunafuata sauti ya nyayo. Kituo cha mwisho ni mlangoni pa kanisa, kila mwaka. Tulipofika, waliobeba msalaba hawakusimama. Wakapita. Watu wakawafuata. Hakuna aliyeimba. Walishuka kuelekea kijitoni, na mimi nikashuka nao nikijua.

Mama Tekla alikuwa uani, amekaa, mbuzi pembeni. Wakaegemeza msalaba ukutani. Selestini akapanda akaanza kung'oa nyasi za paa, taratibu, fungu moja moja, anaziweka chini vizuri kana kwamba atazihitaji. Hakuna ghasia. Ningeweza kuvumilia ghasia. Banzi alimshika mama wa watu mkono, kwa heshima, kama unavyomsaidia mzee kusimama. Yustini alikuwa mlangoni na panga lake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu ambaye sasa anajua.

Nikapita katikati yao. Nikapiga magoti kwenye tope mbele ya mbuzi. Nikamwekea mkono kati ya pembe, wote wakiona, na nikasema kwa sauti. Kwamba nilidhani mimi sina la kuweka. Kwamba niliwatembeza watu wa Mungu na dhambi zao ili nisifiwe njiani. Kwamba nimekataa kikombe cha aliyenipa nyumba. Nikasema mbuzi hurudi, Mama Tekla naye akienda mtamkuta kila mahali, na yupo mmoja tu aliyetolewa nje ya mji na hana haja ya kutolewa tena. Msalaba wake mmeuegemeza ukutani, nikasema. Mkitaka wa kutoa, nitoeni mimi, mimi ndiye niliyeanza.

Mbuzi akalia.

Mara moja, kwa nguvu, mlio mrefu wa mbuzi wa banda aliyeshikwa na mgeni. Bonde likaurudisha. Tangu Machi hakuwa ametoa sauti. Mke wa Banzi akajishika kifua. Selestini akabaki juu ya paa na fungu la nyasi mkononi, hashuki wala hang'oi.

Kikombe kilikuwa pale kwenye kigoda, kimejaa. Nikanywa chote. Maziwa ya kawaida, matamu, yana moshi kidogo.

Walianza kuondoka. Sijui nani alitangulia, ukungu uliwachukua mmojammoja. Banzi aliuachia mkono wa Mama Tekla, akautazama mkono wake mwenyewe, akaenda. Selestini alishuka wa mwisho. Hakuna aliyeomba radhi. Msalaba wameuacha.

Mama Tekla amenipa kamba. Amesema mbuzi akae kwangu sasa, ameshanisemesha.

Jumapili ya Pasaka, 11 Aprili

Hakuna ubatizo, hakuna padre. Kanisani tulikuwa mimi, Yustini, Mama Tekla na wamama wachache waliokaa karibu na mlango. Nimesoma Injili ya kaburi tupu mpaka mwisho.

Jumatano, 21 Aprili

Barabara inapitika. Malori yameanza. Adolfu amepona, amekuja darasani, peke yake. Ameuliza kwa nini mbuzi alirudi. Nimemjibu: kwa sababu ni mbuzi. Amefikiri, akasema basi hilo analielewa. Tumesoma mpaka mchana.

Wengine bado wanapita njia ya juu kumkwepa mbuzi. Mimi pia sisalimiwi sana. Jana nilipompelekea Mama Tekla maziwa yake nimemkuta mke wa Banzi juu ya paa, anarudishia nyasi. Hakugeuka. Mama Tekla alikuwa anamrushia mafungu kutoka chini na kumgombeza kwamba anapanga ovyo.

Jambo moja sijamwambia mtu. Kila asubuhi nikienda bandani nakuta komeo limefungwa tofauti na nilivyolifunga mimi. Mbuzi yuko salama, mkavu, ametulia. Ila kichwani, kati ya pembe, kuna alama za tope. Viganja. Kimoja juu ya kingine, vikubwa na vidogo, vibichi bado. Na njia ya kuja bandani haina hata unyayo.

Mara ya kwanza nilikimbia ndani. Leo nimesimama nikavitazama. Sijauliza ni vya nani. Nimechukua kitambaa na maji ya vuguvugu, nimemfuta mpaka manyoya yakawa meupe. Kisha nimekaa kwenye kigoda, nimekamua.